Duka la vipuri vya cherehani nyuma ya Soko Kuu, Moshi: mzee anauza, wahi haya

Tangazo limeandikwa kwenye karatasi ya daftari na kubandikwa mlangoni: biashara inauzwa pamoja na mali yote, na kilemba, ile pesa anayolipwa mpangaji anayetoka, kinazungumzika. Mafundi wengi wa Moshi hawakuhitaji kulisoma. Habari ilishafika Majengo, Pasua na Kiboriloni kabla gundi haijakauka. Mzee anapumzika. Hana ugonjwa wala kesi, macho tu yamechoka, na kazi ya duka hili kwa sehemu kubwa ni ya macho.

Kwa asiyelijua, ni fremu moja nyembamba yenye mlango wa mbao wa kukunja na kaunta ya mninga iliyolainishwa na viwiko vya wateja. Ndani kuna sindano, bobini, mikanda, springi, skrubu, uzi, zipu, lastiki, vifungo na mafuta ya cherehani. Nyuma ya pazia kuna meza ya matengenezo, na mara nyingi cherehani mbili tatu zilizotumika zinazosubiri mnunuzi. Vitambaa haviuzwi hapa.

Hukumu yetu ni hii: kwa cherehani za miguu, na kwa kila kitu kinachokaa kati ya uzi na sindano, hili ni duka la kwanza kwenda mjini Moshi, na linastahili kununuliwa na mtu anayelijua. Kwa mashine za kompyuta na mota za kisasa ni duka la kawaida tu, pengine chini ya kawaida. Anayetaka kulinunua apime bei kwa kutazama pande zote mbili.

Tuanze na sindano, maana ndizo zilizolijengea duka jina. Mzee hufungua pakiti ya sindano 10 na kukuuzia moja. Maduka mengi hayataki usumbufu huo. Ila kabla hujataja saizi, atakuuliza mashine. Sindano za cherehani za nyumbani na za miguu, Butterfly, Singer na jamaa zao, zina shina lenye upande bapa, na kwenye pakiti huandikwa HA×1 au 130/705 H. Mashine za kiwandani kama Juki DDL-8700 hutumia DB×1, ambayo shina lake ni la mviringo na jembamba zaidi. Kwa kuwa ni jembamba, DB×1 inaingia vizuri kabisa kwenye cherehani ya miguu na skrubu inaikamata. Mtego uko hapo. Haina upande bapa wa kuielekeza, kwa hiyo tundu hugeuka kidogo na sindano hukaa mbali na mahali pake, na ndoano ya chini inapita bila kuuchukua uzi. Mshono unaruka. Siku mbaya, sindano inagonga ncha ya ndoano, na hasara ya sindano moja inakuwa hasara ya ndoano nzima.

Mazungumzo ya namna hii yanasikika kaunta karibu kila wiki:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Mashine gani?"

"Butterfly ya miguu. Inaruka mshono, kwenye tetroni ndiyo kabisa. Nimebadilisha sindano, bado."

"Sindano uliyobadilisha iko wapi?"

Msichana anaitoa ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha kitambaa. Mzee anaizungusha kati ya vidole, hata hajaitazama. "Hii ya Juki. Imekosa bapa." Anachukua nyingine, namba 14, anailaza ubapa wake juu ya kioo cha kaunta na kuinama usawa wa macho. Mwanya kati ya sindano na kioo unatakiwa ulingane kutoka shina hadi karibu na ncha. Ukipungua au kuongezeka kuelekea nchani, sindano imepinda, hata kama mkononi inaonekana imenyooka. Anaiweka pembeni, anachukua ya pili, anailaza tena. Hii inapita. Siku hizi ukaguzi huo anaufanya kijana wake, kwa sababu mwanya wenyewe mzee hauoni tena vizuri.

Saizi anazopendekeza hazina siri, lakini wengi huzikosea. Shifoni na satini, namba 11. Kitenge na pamba ya kawaida, 14. Tetroni nzito na kaki ya sare, 16. Jinzi na turubai, 18. Jezi na kitambaa chochote kinachovutika kinataka ncha ya mviringo, kwa sababu ncha kali inakata nyuzi za kitambaa badala ya kupita katikati yake, na tundu linaonekana baada ya kufua mara moja. Fundi anayeshona sare kutwa nzima asisubiri sindano ivunjike ndipo abadilishe. Ikianza kutoa mlio wa "tap tap" kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili, imekwisha.

Bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini, na kikasha chake ni somo la pili. Bobini ya Butterfly na Singer za aina ya 15 ina kipenyo cha milimita 20.3 na unene wa milimita 11.7. Ya Juki ina kipenyo kikubwa kidogo lakini ni nyembamba. Ukizichanganya, nyembamba inacheza ndani ya kikasha na uzi wa chini unatoka kwa kushtuka, mshono unakaza hapa na kulegea pale. Kikasha chenyewe kina kidole kinachotokeza nje, na hapo ndipo watu hupoteza pesa. Kuna vikasha ambavyo kidole chake, ukikitazama kama uso wa saa, kimeelekea namba 11, na vingine namba 1. Kwa macho vinafanana. Kisipolingana na nafasi ya mashine yako, kikasha hakikai. Na ukikilazimisha, kitazunguka pamoja na ndoano na kuvunja sindano. Mzee hakuuzii kikasha kipya bila kuona cha zamani, na kama hukuja nacho atakurudisha nyumbani hata kama umetoka Himo. Wengine wanaona ni ukaidi. Sisi tunaona ndiyo huduma yenyewe.

Kabla hujaondoka ataiweka bobini yenye uzi ndani ya kikasha, ashike ncha ya uzi na kukiacha kining'inie. Kikiporomoka chenyewe, kimelegea. Kikiganda hata ukikitikisa, kimekaza. Kinatakiwa kishuke inchi moja au mbili kwa mtikiso mdogo, kisha kisimame. Marekebisho ni robo ya mzunguko wa ile skrubu ndogo, na robo ni robo kweli: ukizungusha duara zima inadondoka, na skrubu ya saizi hiyo ikidondoka kwenye sakafu ya vumbi, umeipoteza.

Matengenezo. Malalamiko yanayoongoza ni uzi kufanya kiota chini ya kitambaa. Fundi analeta bobini akiamini ndiyo mbovu, kumbe kosa liko juu. Uzi umepitishwa mguu wa kukandamizia kitambaa ukiwa umeshushwa, hivyo zile sahani mbili za kukazia uzi zilikuwa zimefungwa na uzi haukuingia katikati yake. Inua mguu, toa uzi wote, upitishe upya, shusha mguu, uvute: sasa utausikia ukikataa kidogo. Tatizo hilo mzee hulimaliza hapo hapo kaunta bila malipo, na ni vizuri mnunuzi ajue kwamba wateja wameshazoea hivyo.

La pili ni mafuta. Cherehani hulainishwa kwa mafuta yake meupe mepesi, tone moja moja kwenye kila tundu, kisha unashona kwenye kitambaa chakavu mpaka kisichafuke tena. Mafuta ya kupikia yanaonekana kufaa siku ya kwanza, halafu yanaganda kuwa kama gundi ya njano na mashine inakuwa nzito kama imefungwa breki. Oili ya gari inatia madoa, na kwenye gauni la bibi harusi hakuna wa kukusamehe. Kichwa cha cherehani kilichoganda mzee hukilaza kichwa chini, hukisafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, hukikausha, kisha hukitia mafuta upya. Kichwa kilicholainishwa kwa mafuta ya kupikia miaka mingi hulala hapo usiku kucha, na kwa hicho analipisha zaidi. Ana haki.

La tatu ndilo gumu, na ndilo linalompa mnunuzi sababu ya kusita: kupanga majira ya sindano na ndoano. Sindano ikifika chini kabisa kisha ikapanda kama milimita 2 na kidogo, ncha ya ndoano inatakiwa iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu, karibu sana bila kugusa. Kwenye Juki mwanya huo ni kati ya milimita 0.04 na 0.1, unene wa karatasi au pungufu. Mzee anaupima kwa macho na ukucha. Ncha ya ndoano ikiwa na mkwaruzo anaisugua kwa msasa laini sana. Tupa haigusi hata siku moja, kwa sababu tupa inaifupisha ncha, na majira yote yanaharibika. Kijana aliyepo anajua kusafisha, kufunga mikanda na kubadilisha springi. Majira bado hajakabidhiwa. Hilo liulizwe wazi kabla ya bei kutajwa.

Mikanda ya ngozi ya cherehani za miguu huuzwa ikiwa mirefu, nawe unaikatia kwenye mashine. Ukiukata kwa kipimo kamili cha siku ya kwanza, baada ya wiki mbili utakuwa unateleza, kwa sababu ngozi mpya huvutika. Unafungwa, unatumiwa siku kadhaa, unakatwa tena kama nusu inchi, unatobolewa tundu jipya na kufungwa kwa kipini cha waya. Mkanda uliokaza mno nao ni adui: pedali inakuwa nzito na magoti ndiyo yanayolipa. Waya wa kipini ukunjwe upande wa nje, usije ukakwaruza gurudumu.

Uzi na zipu hatuna mengi ya kusema. Uzi wa 40/2 upo wa rangi nyingi, mnene wa jinzi upo mweusi, wa bluu na wa kahawia tu. Zipu za kukata kwa mita zipo namba 3 na namba 5, na vichwa vyake vinauzwa peke yake, jambo linalookoa begi la shule ambalo zipu yake ni nzima ila kichwa ndicho kimelegea. Lastiki hupimwa kwenye rula ya chuma iliyopigiliwa kaunta, haivutwi ili ionekane ndefu. Sokoni si wote wanaofanya hivyo.

Udhaifu upo, na hatuufichi. Bei haziandikwi popote, inabidi uulize kila kitu. Mchana duka hufungwa saa saba mpaka saa nane na nusu, na Jumapili halifunguliwi. Vipuri vya overloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, ni vichache: visu vipo, vile vyuma viwili vya kukamata uzi ndani mara nyingi hakuna. Mota zile za zamani zinazonguruma muda wote hata hujakanyaga pedali anazitengeneza; hizi mpya zinazozunguka ukikanyaga tu, zenye kiboksi cha umeme, hazigusi. Na hizo mpya ndizo karakana za sare zinazonunua, kwa kuwa karibu hazili umeme mashine ikiwa imetulia. Mnunuzi asiyekuwa na mpango wa kuongeza upande huo atabaki na wateja wa cherehani za miguu peke yao. Wapo wengi, na umeme ukikatika wao ndio wanaoendelea kushona, lakini hawaongezeki.

Sasa mpangilio wa duka, jambo ambalo mnunuzi hataliona siku ya kuhesabu mali. Rafu zimejaa maboksi ya viatu, na nje ya kila boksi kimefungwa kwa waya kipuri kimoja cha mfano. Hakuna maandishi. Kwa mzee ni utaratibu safi: anatazama umbo, ananyoosha mkono. Shida ni kwamba rafu ya juu maboksi yalishahamishwa vitu na mifano ya nje haikubadilishwa. Springi za Singer ziko nyuma ya skrubu za Butterfly, na anayejua ni mmoja. Kazi ya kwanza ya makabidhiano iwe kushusha kila boksi, kumwaga, kutaja jina la kipuri na mashine yake, kuandika, kupiga picha. Fremu ni ndogo lakini vipuri ni vingi, kwa hiyo msitenge siku moja, tengeni wiki.

Halafu kuna madaftari mawili. La kwanza ni la madeni, kila duka linalo. La pili ndilo tungelilipia kilemba: mzee ameandika mashine za wateja wake. Fundi wa Njoro, Butterfly, kidole namba 1, alibadilisha ndoano lini. Shule fulani ya ufundi, mashine ngapi, aina gani, sindano zipi. Mteja akituma mtoto na ujumbe "nipe kikasha cha mama", daftari linajibu. Kwenye mkataba litajwe kwa jina, kama zinavyotajwa meza na rafu. Lisipotajwa, litaondoka kwenye mfuko wa koti bila nia mbaya yoyote.

Kuhusu bei tutasema jinsi ya kuifikia, si kiasi. Tenganisha vitu vitatu: mali, vifaa vya kazi, na kilemba. Mali ihesabiwe kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, na iliyolala iwekwe kando: bobini za mashine ambazo hazionekani tena mjini, vifungo vya mitindo iliyopita, zipu za chuma zilizoshika kutu. Tuseme mali yote imefika milioni 20 na ya milioni 6 haijaguswa miaka mitatu. Lipa milioni 14 kwa hai, na iliyolala mpatane kwa sehemu ndogo ya bei yake, au muuzaji aichukue. Madeni ya daftari yasinunuliwe kwa thamani kamili. Aliyekopa kwa mzee anamheshimu mzee, wewe hakujui.

Kilemba kina hatari yake. Unamlipa mpangaji anayetoka, lakini fremu ni ya mwenye nyumba. Hakikisha mwenye nyumba anakaa mezani na kusaini mkataba mpya wa pango kwa jina lako kabla fedha haijatoka, maana pesa ya kilemba hairudi ukiambiwa baada ya miezi sita kwamba kodi imepanda mara mbili. Kumbuka pia kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA kama kodi ya zuio. Wapangaji wapya wengi hulijua hilo siku ya kukaguliwa. Leseni unaomba ya kwako Manispaa, kwa TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Mashine ya risiti imesajiliwa kwa TIN ya mzee, usiitumie hata kwa siku moja. Kama unataka kubaki na jina la duka na limesajiliwa, mabadiliko ya mmiliki yapelekwe BRELA, wakala wa usajili wa majina ya biashara.

Ushauri wetu kwa mnunuzi ni kuomba mzee akae kiti cha pembeni miezi mitatu baada ya kuuza, kwa malipo yaliyoandikwa, na sehemu ya kilemba ibaki mpaka muda huo uishe. Makabidhiano yasifanyike Desemba. Mwezi huo mji umejaa watu waliorudi nyumbani kwa Krismasi, nguo za sikukuu zinashonwa usiku na mchana, na sare za Januari zinafuatia nyuma yake. Hakuna atakayepata nafasi ya kukufundisha majira ya ndoano. Februari ni bora, kumetulia.

Kwa wateja, haya ndiyo ya kuwahi. Chukua kikasha cha akiba kinacholingana na mashine yako sasa, mzee akiwa bado kaunta, pamoja na pakiti ya sindano za saizi unayotumia zaidi. Muombe akuandikie kwenye karatasi aina ya mashine yako, sindano na kikasha chake, kama ilivyo kwenye daftari. Wenye madeni walipe kwake, wachukue sahihi yake, wasisubiri kubishana na mtu mpya.

Cherehani zilizotumika zilizobaki nyuma zinafaa kutazamwa, kwa masharti. Zungusha gurudumu kwa mkono taratibu duara zima. Likikwama mahali palepale kila mzunguko, kuna jino au ekseli yenye tatizo. Shika fimbo ya sindano uitikise kushoto na kulia: ikicheza, imekwisha kulika na majira hayatakaa. Tazama meno ya kusukumia kitambaa, yawe bado makali. Rangi iliyobanduka isikusumbue.

Mwisho, vichwa vilivyoletwa kutengenezwa na havijachukuliwa. Vimepangwa chini ya meza ya nyuma, kila kimoja na kadi yake. Mzee amesema vitakabidhiwa kwa mnunuzi kama amana, si mali ya duka, lakini mtu mpya hakufahamu kwa sura. Njoo na nusu yako ya kadi. Aliyeipoteza aje na namba iliyogongwa kwenye chuma cha kichwa chake, kwa sababu Butterfly nyeusi pale chini ziko kadhaa na zote zinafanana.